Reale ya Bibi Mwenye Ushungi

Bibi yangu alipofariki tulisubiri arobaini ipite ndipo tukafungua kasha lake. Hamkuwa na mali ya kugombaniwa humo. Kanga doti tatu ambazo hazijavaliwa, vyeti vya watoto vimefungwa kwa uzi, chupa ya mafuta ya karafuu iliyokauka, na kwenye kile kijisanduku cha ubavuni, kitambaa kilichopigwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na reale moja, sarafu ya kale ya fedha, nzito, nyeusi-nyeusi, imelehemiwa kitanzi juu ili ivaliwe shingoni.

Wengine wakagawana kanga. Mimi nikapewa reale kwa kuwa, alisema mama, "wewe ndiye mwenye macho ya vitu vidogo." Mimi ni fundi saa. Miaka 28 nimekaa kwenye kibaraza cha Darajani, Unguja, na kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho la kulia, mpaka mke wangu anasema jicho hilo limekuwa dogo kuliko la pili.

Basi usiku ule nikaiweka reale chini ya kioo nikaona uso wa mwanamke mnene wa Kizungu, kajifunika ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Pembeni ya tai, tarehe: 1780. Moyo ulinienda mbio. Nyumbani siku zote ilisemwa kwamba reale ile imo kwenye ukoo tangu enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, lakini hii ilikuwa imemtangulia Barghash kwa miaka karibu 100! Mwezi mzima sikulala vizuri. Kila mteja aliyeleta saa ya kubadilisha betri alipewa hadithi ya reale kama nyongeza.

Aliyenizima ni mzee mmoja sonara, mtu ambaye baba yake na babu yake walifua fedha mtaa ule ule. Nilimwendea anikadirie thamani. Hakuishika hata kuishika. Aliinama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya kitambaa. Reale kumi na moja.

"Haya fundi, chagua ya kwako."

Nikazipanga mstari. Nikavaa kioo. 1780. 1780. 1780. Mpaka ya kumi na moja, 1780.

"Huyu bibi alikufa mwaka huo," akasema, akizirudisha kwenye kopo moja moja. "Wenyewe wakaendelea kumpiga chapa. Ya kwako inaweza kuwa ya mwaka wowote. Hata ya juzi."

Nilirudi kibarazani nikiwa nimenywea. Lakini fundi saa ana kasoro moja: ukimwonyesha vitu kumi na viwili vinavyofanana, hatulii mpaka aone vinatofautiana wapi. Ugonjwa wangu wa kukusanya sarafu ulianzia kwenye lile kopo la maziwa.

Kwanza nilitaka kumjua mwenyewe. Jina lake ni Maria Theresia, mtawala wa Austria kuanzia 1740. Mumewe, Franz, alifia Innsbruck mwezi wa Agosti 1765. Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, maisha yakaendelea. Huyu hakutoka. Alivaa nguo za msiba miaka 15 mizima, mpaka naye alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Kwa hiyo ule ushungi si urembo. Sarafu zake za kabla ya 1765 zinamwonyesha kichwa wazi, nywele zimesukwa kwa taji dogo, kijana. Za baada ya hapo zina mjane. Nilipomsimulia mama akanyamaza kidogo, kisha akasema bibi alikuwa akimwita "bibi mwenye ushungi" na alimwonea huruma bila kujua habari zake.

Maandishi yalinichukua siku tatu. Ni Kilatini kilichokatwakatwa kama ujumbe wa simu wa vijana wa leo. Upande wa uso: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG., yaani Maria Theresia, kwa neema ya Mungu, malkia mkuu wa Warumi, malkia wa Hungaria na Bohemia. Upande wa tai vyeo vinaendelea, Austria, Burgundy, Tyrol, halafu 1780, halafu alama ya X. Hiyo X niliwahi kumweleza mteja kwa kujiamini kabisa kwamba ni kumi ya Kirumi. Kumi ya nini, sikuulizwa, namshukuru Mungu. Kumbe ni msalaba wa Burgundy, ulioanza kuwekwa 1750 kuonyesha kwamba fedha imepimwa kwa kiwango kipya.

Chini ya kifua chake kuna herufi mbili ndogo, S.F. Hizi ndizo zilizoniteka kuliko tai na taji. Ni Schöbl na Faby, wasimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, mji mdogo ulio kando ya mto Danube, ambao leo umo ndani ya Ujerumani. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1805. Wao wameshasahauliwa makwao, lakini herufi zao zimeendelea kugongwa Vienna, Roma, London na Bombay kwa zaidi ya miaka 200. Ndani ya mifuniko ya saa za zamani mafundi huchora herufi zao kwa ncha ya sindano, na mimi nina zangu kwenye mamia ya saa za mji huu. Sidhani kama kuna atakayezinakili.

Na kwa nini waliendelea kumpiga chapa maiti? Kwa sababu ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Yemen, Uhabeshi na pwani hii. Wauza kahawa walikuwa wameizoea sura hii, fedha yake na uzito wake, na hawakutaka nyingine. Ukibadilisha uso, wanakataa. Ukibadilisha tarehe, wanakataa. Walihesabu hata lulu kwenye taji lake na kwenye kile kishikizo cha begani. Austria ikaona hakuna haja ya kubishana na mteja. Mwaka 1857 mfalme Franz Joseph akaitambua rasmi kuwa sarafu ya biashara ya nje, na mwaka uliofuata ikakoma kuwa pesa halali ndani ya Austria yenyewe. Yaani kwao haikununua mkate, lakini mjini Sanaa, Yemen, au Harar, Uhabeshi, ilinunua ngamia.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema, "Basi zote ni bandia isipokuwa za 1780 kweli." Siafiki. Kanga yenye jina lile lile ikichapwa tena baada ya miaka 30, hakuna mama anayeiita bandia. Ni kanga ile ile, mkupuo mwingine. Bandia ni kitu kingine, nami nimekinunua kwa pesa zangu, nitafika hapo.

Kabla ya hapo, kosa la kwanza. Wiki niliyoipata reale ya bibi, kabla hata ya kwenda kwa sonara, niliona weusi wake kama uchafu. Nikakata ndimu, nikachukua majivu, nikasugua kama mtu anayesugua sufuria la pilau. Ilitoka inameta kama kijiko kipya. Nilijipongeza. Nilipoiweka chini ya kioo baadaye nikaona mikwaruzo midogo maelfu, yote inaelekea upande mmoja, upande wa mkono wangu. Nyusi zilikuwa zimefifia. Ule weusi niliouondoa ulikuwa umejikusanya miaka na miaka kwenye mabonde ya sura, na ndio uliokuwa unaifanya picha isomeke. Sonara alipoiona akatikisa kichwa: "Umemuosha mpaka sura." Siku hizi nikipata iliyojaa matope naiacha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha naibonyeza kwa kitambaa laini bila kusugua. Na sizihifadhi tena kwenye vile vifuko laini vya plastiki. Mbili zilinifanyia utando wa kijani humo, kwa joto hili na chumvi ya bahari.

Nikaanza kuwauliza wazee majina. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Waswahili wa karne ya 19 walikuwa wakusanyaji hodari wa sarafu bila kujiita hivyo, maana walikuwa na jina kwa kila sura. Ya Maria Theresia waliiita reale ya Sham, au fedha ya Sham. Ile ya faranga tano ya Kifaransa ilikuwa reale Fransa. Na ya Kihispania yenye nguzo mbili zilizozungushiwa utepe waliiita reale ya mzinga. Nguzo zile kwa Wahispania ni nguzo za Herkule, mlango wa bahari wa Gibraltar. Mtu wa pwani akazitazama, akaona mizinga miwili ya vita imesimamishwa wima. Mimi nimeshika moja tu ya mzinga maisha yangu yote, ya mtu, sikuwa na pesa ya kuinunua, na nakiri kwamba hata baada ya kusoma habari za Herkule bado naona mizinga.

Majina hayo hayakuwa ya mapambo. Reale Fransa ina gramu 25. Ya Sham ina gramu 28 na kidogo. Ukizichanganya kwenye mfuko mmoja umeibiwa. Na uzito wa reale ya Sham ndio uliokuwa wakia, ratli moja ikawa wakia 16. Sarafu ilikuwa pesa na jiwe la mizani kwa wakati mmoja. Hata Barghash alipotoa reale yake mwenyewe, yenye mwaka 1299 wa Hijria, iliyopigwa kule Ubelgiji, watu waliendelea na bibi mwenye ushungi. Pesa za shaba za Barghash, zile zenye picha ya mizani, zilienea. Reale yake ya fedha ni adimu, sijawahi kuiona ila kwenye picha.

Siwezi kuandika habari hizi kama kwamba zilinunua karafuu tu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na bei za watu pale zilitajwa kwa reale. Ninazo mbili zilizosagika sana, kingo laini kabisa, ambazo kwa mtindo wa kuchongwa kwake ni za karne ile. Naziweka peke yake. Wageni wakija kutazama mkusanyiko sizitoi kwanza.

Sasa bandia. Mwaka wa tatu wa ugonjwa huu nilikuwa bara kwa shughuli za harusi, nikaingia duka moja la vitu vya kale na vinyago. Kulikuwa na reale ya Sham kwenye kabati la kioo. Muuzaji alikuwa mcheshi, akanikaribisha kahawa, akaniambia ni ya babu yake. Kioo changu kilikuwa mfukoni. Nikaona haya kukitoa mbele ya mtu aliyenikirimu, isije ikaonekana simwamini. Nikalipa shilingi 90,000.

Nilipofika kwa mwenyeji wangu nikaitupa juu ya sakafu ya saruji. Fedha ikianguka hulia, sauti nyembamba inayokaa. Hii ilisema *ta*, basi. Nikavaa kioo. Uso ulikuwa na vitundu vidogo kama ganda la chungwa, dalili ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa kwa muhuri. Nikageuza ukingo. Reale ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, yaliyoinuka kutoka kwenye ukingo, na mapambo kati yake, ili mtu asiweze kukwangua fedha pembeni bila kujulikana. Hii ilikuwa na kivuli cha maneno tu, na ufito mwembamba umeizunguka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Nilipima vilevile, na nitaeleza namna yake kwa kuwa imeshaniokoa mara nyingi. Chukua mizani ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma sehemu za gramu. Pima sarafu kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ifunge sarafu kwa uzi wa cherehani na kuizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Reale ya Sham ni fedha sehemu tano na shaba sehemu moja, kwa hiyo jibu lake huwa karibu na 10.2. Ya bibi, kabla hatujahesabu kitanzi, iko hapo hapo. Ile ya duka la vinyago ilikuwa gramu 26.4, na ndani ya maji mizani ikasoma 3.0. Nane nukta nane. Shaba iliyopakwa fedha juu.

Sikurudi kudai. Ningesema nini? Kioo kilikuwa mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo nakitoa kabla hata ya salamu kwisha, na nimegundua kwamba muuzaji mwaminifu hafadhaiki. Wengine hata husogeza taa.

Darasa langu halisi lilikuwa Oman. Shangazi yangu yuko Muscat tangu miaka ya sabini, na siku moja nikapata nafasi ya kumtembelea. Siku ya pili tu akanipeleka suk ya Muttrah. Kule reale za Sham zilikuwa pesa ya kawaida kwa watu walio hai hadi leo, maana Oman ilipata riali yake mwaka 1970. Maduka ya majambia huziweka kwenye bakuli za shaba pamoja na bangili na vipande vya mikufu. Niliona bakuli lenye reale labda 60 na mate yakanijaa mdomoni.

Shangazi akanibana mkono. "Usitabasamu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, huku akimtazama mwenye duka kwa uso wa kuchoka. "Ukitabasamu tu, kumi inakuwa kumi na tano."

Nikakunja uso. Nikachagua kwa saa nzima mpaka shangazi akaletewa kiti na kahawa na tende. Nikaondoka na nne. Njiani akaniuliza, "Sasa mwanangu, nne zote za nini, na zote bibi yule yule?" Nikamwambia, shangazi, nikifika nitakuonyesha.

Usiku nikaomba shuka jeusi, nikalitandika mezani, nikaziweka nne pamoja na ya bibi niliyokuwa nimeivaa chini ya fulana. Taa nikaiweka pembeni, chini, ili mwanga uje kwa ubavu na kila kilichoinuka kitoe kivuli. Mwanga wa juu hudanganya, hulainisha kila kitu. Nilianza vibaya. Nilichukua sarafu ya kwanza nikaitazama yote, nikaiweka, nikachukua ya pili nikaitazama yote. Kichwani zikachanganyika kama wali na maharage. Kumbukumbu ya macho haiwezi kazi hiyo. Nikabadilisha: nachagua sehemu moja tu, nazitazama tano zote sehemu hiyo, naandika, ndipo naenda sehemu nyingine.

Nikaanza na kishikizo cha begani. Katika mbili za Muttrah lulu zilihesabika wazi, tisa. Katika ya tatu kishikizo kilikuwa na umbo jingine kidogo, kimebanwa zaidi. Ya nne ilikuwa imesagika, nikahesabu tano na nafasi tupu. Nikaandika "lulu tano" kwenye daftari kwa furaha ya mtu aliyegundua aina mpya. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Si zimefutika hizo?" akauliza. Bila shaka zimefutika. Kitu kikionekana kwenye sarafu, ni ushahidi. Kisipoonekana, huenda hakikuwapo na huenda kimesuguliwa na vidole vya watu miaka 100. Nilifuta nikaandika upya. Mimi mwenye kioo, yeye mwenye miwani ya kusomea.

Tukaenda mkia wa tai. Hapo ndipo kuna utamu. Manyoya ya mkia hayakuchongwa kwa idadi na mpangilio mmoja katika mihuri yote. Mchongaji anaponakili muhuri wa zamani, uso anauchunga kwa sababu kila mtu atautazama, lakini mkononi mwake tabia yake inatokea kwenye vitu anavyodhani hakuna atakayevitazama: unyoya wa katikati, nukta baada ya S na baada ya F, mguu wa herufi R, mapambo ya ukingoni. Ni kama mwandiko. Mtu anaweza kuigiza sahihi yako lakini akakosea jinsi unavyoweka nukta juu ya i. Hadi saa saba usiku tulikuwa tumekwisha kuona kwamba zile tano zilitokana na mihuri isiyopungua minne. Shangazi, aliyekuwa akizishika pesa hizi dukani kwa mkwewe miaka ya zamani, akasema hakuwahi kumtazama yule bibi usoni.

Sababu ya kuwa na mihuri mingi hivyo ni siasa. Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Uhabeshi, Italia iliipata mihuri kutoka Austria pamoja na haki ya kuipiga sarafu hii, na Roma ikaanza kuitengeneza, maana huwezi kupigana vita nchi ambayo haipokei pesa yako. Waingereza wenye biashara Bahari ya Shamu wakajikuta hawana pa kuinunua, hivyo London ikachonga mihuri yake na kuanza kupiga 1936. Paris na Brussels nazo zikapiga. Vita kuu vilipokuja, kazi ikafika Bombay, 1940 na 1941. Baadaye Birmingham. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo Vienna ikabaki peke yake tena, na mpaka leo inaipiga, bado 1780, bado S.F. Nchi zote hizo zilimchonga mjane yule yule, kila moja ikajitahidi asitofautiane na mwenzake hata kidogo, na zote zikashindwa kidogo.

Wakati huo nilishaanza kuandikiana na mzee mmoja wa Vienna, mkusanyaji wa sarafu, mstaafu, ambaye amejaza makabati kwa sarafu hii moja tu. Nilimpelekea picha za ya bibi. Akazirudisha: picha ya uso haina maana kwake, nimpe mkia, ukingo pande tatu, na S.F. kwa karibu. Nikampa. Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili, sentensi moja ya Kiingereza na neno la mwisho lilikuwa Bombay.

Sikupendezwa. 1780 ilikuwa imeshakufa kwa sonara, sawa, lakini nilikuwa bado nimeshikilia enzi za Barghash. Bombay maana yake ni 1940 au 1941. Barghash alifariki 1888.

Nikaenda kwa ami yangu mkubwa, aliyebaki katika ndugu wa bibi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umekuja na ile reale? Umeisugua wewe."

Hata yeye aliona. Nikamweleza habari za Bombay, kwamba Waingereza walizipiga kule ili kugharimia vita vya kuwatoa Wataliani Uhabeshi. Akacheka mpaka akakohoa. Babu yako, akasema, alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Habeshi mwaka 41, akarudi na kovu la mguu na soksi moja imefungwa fundo. Ndani ya soksi zilikuwa reale tatu, alizipata kwa kuuza sigara zake za jeshi. Mbili zilikwenda kwa sonara kutengeneza bangili, ya tatu ikatiwa kitanzi.

"Sasa habari za Barghash zimetoka wapi?"

"Bibi yako mwenyewe. Alijua fika. Lakini mwana wewe, ukienda kumtajia mtu mahari, utasema reale ya Seyyid Barghash au reale ya sigara?"

Tangu siku ile naipenda zaidi. Yule mkusanyaji wa Vienna aliniandikia tena akishauri, kwa nia njema, kwamba kitanzi kilicholehemiwa kinashusha thamani na kuna mafundi wa kukitoa. Mimi ni fundi, ningeweza kukitoa kwa nusu saa. Sijakigusa. Nikikitazama kwa kioo naona sonara yule, nani sijui, alivyoelekeza tundu ili bibi mwenye ushungi akae wima kifuani, uso kwa watu, na tai agusane na ngozi. Reale nyingi za mikufu ni hivyo hivyo, uso mbele. Ndiyo maana upande wa tai wa sarafu hizi mara nyingi umelainika kwa jasho.

Nimejaribu sarafu nyingine pia. Rupia za Kijerumani za Afrika Mashariki ni rahisi kuzipata bara. Kaiser Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, gramu 11.66. Zile za kampuni ya Kijerumani, kuanzia 1890, nyuma zina simba na mnazi, na za serikali, kuanzia 1904, zimeondoa simba zikaweka thamani kati ya matawi ya mitende, pamoja na herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Zinapendeza. Lakini kila kitu zinakuambia wazi, mwaka, kiwanda, mwenye mali. Nikiwa nazo nachoka haraka. Narudi kwa mjane anayesema 1780 na kunyamaza.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliolewa na akaiomba reale ya bibi aivae siku ya kupambwa. Niliipima kwanza, gramu 29.3 pamoja na kitanzi, nikaandika, nikampa. Ilirudi na doa la hina karibu na bawa la kushoto la tai. Mama alishachukua ndimu. Nikamwambia aiache.

Ninayoitafuta sasa ni moja ya kabla ya 1765, ya kichwa wazi. Shangazi anazunguka Muttrah kila Alhamisi kwa ajili yangu. Wiki jana alinipigia usiku, sauti ya chini kama mtu anayeficha siri, akisema ameona moja haina ushungi. Nikamwambia apige picha. Picha ikaja: faranga tano, Napoleon wa tatu, mwenye ndevu.